Vidole Vinne

Ambokile aliingia kibandani kwangu Mwanjelwa
kiubavuubavu, kama kabati linalokataa mlango.
Hakuja kushonesha. Aliomba kipande cha gunia
akikunje, akiweke kati ya kamba na mfupa.
Nikamwambia, vua shati.

Nimepima viuno vya maharusi, mabega ya wachungaji.
Mgongo ule futi yangu haikujua ianzie wapi.
Njia mbili za kamba zilipita juu yake,
nyeusi, laini, zinang'aa kama mpini wa jembe.
Kutoka shambani bondeni hadi barabarani Isyonje
ni mwinuko, ukungu, utelezi,
na kila kiazi kinatafuta pingili yake.

Begi la kwanza lilikuwa zuri. Zuri tu.
Zipu ya njano ilifumuka siku ya tatu,
viazi vikashuka mtoni bila nauli.
La pili lilimvuta nyuma,
akatembea siku nzima akitazama mawingu.

Nikaenda gereji, nikanunua mikanda ya viti
ya Fuso lililofia Mlima Nyoka.
Sponji nikakata kwenye godoro la mwanangu,
upande wa miguuni, yeye bado mfupi.
Ndipo nikaelewa, mimi mwenye miaka ishirini kwenye cherehani,
kwamba bega halibebi. Bega hushika tu.
Nyonga ndiyo hubeba.
Mbeleko ilikuwa ikituambia siku zote:
fundo kifuani, uzito kiunoni.

Chaula, mchora mabango, akaandika kwa nyekundu:
BEGI LINALOTIBU MGONGO.
Futa, nikasema.
"Biashara matangazo, Mama Tupokigwe."
Futa. Mimi si mganga,
na Ambokile bado anaamka akishika ukuta.
Akaandika LINAPUNGUZA MAUMIVU, herufi ndogo, za kununa.

Wiki mbili sikuuza hata moja.
Watu waliminya sponji kama wanaminya parachichi,
wakauliza bei, wakacheka,
wakaelekea kwenye mabegi ya mtumba.
Basi nikajaza debe la viazi, nikasimama mlangoni:
Vaa. Zunguka soko. Ukirudi hujalaani, nunua.
Wa kwanza alizunguka mara mbili.
Wa pili nikadhani kaniibia, kumbe yuko Kabwe
anamwonyesha shemeji yake.

Kabla masika hayajaisha
mabegi kumi na tisa yalikuwa yakipanda Isyonje.

Kisha Ambokile akarudi.
Kiubavuubavu vilevile.
Nikakagua mshono, mkanda, kifungo: vizima.
"Begi halina kosa," akasema.
"Tajiri ameona hatulalamiki tena.
Sasa anatupandishia lumbesa mgongoni,
anakaza kamba juu ya visogo vyetu.
Ujira ni uleule."

Usiku ule sikuwasha taa.
Nilikaa, mguu juu ya pedali, pedali haiendi,
mvua ikihesabu mabati.
Kumbe nilikuwa nimemshonea tajiri.

Asubuhi nikashika mkasi.
Kina cha begi nikakipunguza vidole vinne.
Mdomo nikaupa mfuniko mgumu,
usio na kamba ya kurefusha, usiokubali kilele.
Lazimisha kiazi kimoja cha ziada
kitakutoka, kiviringike mbele ya watu.

Chaula akaja na brashi yake.
"Dogo zaidi, bei ileile? Nani atanunua?"
Andika: HALIPOKEI LUMBESA.
Akacheka mpaka akamwaga rangi. Akaandika.

Ambokile aliliingiza mkono,
akapima pale palipokatwa, kidole kwa kidole,
midomo ikihesabu.
"Ukinishonea mimi peke yangu atanifukuza," akasema.
Akaweka mezani noti zilizokunjwa na watu wengi,
kila moja kwa mkunjo wake.
"Shona kumi na tisa.
Tutavaa siku moja."